Bweni, Nyumba au Sebule? Makazi ya Wanafunzi wa Mwaka wa Pili katika Vyuo vya Marekani na Tatizo la Istilahi Zake

Utangulizi

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa barua na fomu za vyuo vya ng'ambo, neno la Kiingereza "suite" lina nafasi yake ya pekee. Neno lenyewe ni fupi, na kitu kinachotajwa nalo ni cha kawaida: vyumba viwili, vitatu au vinne vya kulala vinavyofunguka kwenye sebule moja, pamoja na bafu na choo ambavyo mara nyingi hutumiwa na wakazi wa vyumba hivyo peke yao. Katika vyuo vingi vya Marekani, makazi ya namna hii hutolewa kwa wanafunzi walioingia mwaka wa pili, baada ya kukaa mwaka wa kwanza katika majengo yenye ujia mrefu na vyumba vingi huku na huku.

Wafasiri wetu wamejaribu njia tatu. Wapo wanaoandika "bweni" na kuendelea na kazi. Wapo wanaoandika "vyumba vya kifahari," kwa kuwa neno hilo wamelizoea katika matangazo ya hoteli. Na wapo wanaolitohoa neno lenyewe wakapata "suti," ambayo kwa kila msemaji wa Kiswahili ni vazi la koti na suruali. Hakuna hata moja kati ya njia hizi linalomfikishia msomaji ukweli.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Tuchukue mfano wa mzazi wa Tabora ambaye binti yake anasoma Marekani kwa fedha za ufadhili. Akiletewa tafsiri isemayo kwamba mwanawe amehamishiwa katika vyumba vya kifahari, atajiuliza ni nani atakayelipa fahari hiyo, na pengine atamwandikia binti maneno makali asiyostahili. Akisoma "bweni," atapiga picha ya safu za vitanda kama alivyovijua yeye shuleni. Vivyo hivyo ofisa anayepitisha malipo hawezi kupima hesabu iliyo mbele yake ikiwa hajui kilicholipiwa ni nini. Katika makala haya tunakusudia kuipitia historia ya makazi hayo hatua kwa hatua, kisha tupendekeze istilahi. Rai yetu ni kwamba jina la makazi ya wanafunzi halina budi kutokana na kile wanachoshirikiana wakazi na idadi ya wanaoshirikiana, wala lisitokane na usingizi au na fahari.

Chumba cha pamoja na kijichumba cha kusomea

Chuo cha Harvard, kilicho kikongwe kuliko vyote nchini Marekani, kilianzishwa mwaka 1636 na watu waliotoka Uingereza. Wengi wa viongozi wao walikuwa wamesoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, nao walichukua mfano wa huko: mwanafunzi hakutakiwa kuhudhuria masomo tu na kurudi mjini, bali alitakiwa kula, kulala, kusali na kusoma pamoja na wenzake chini ya uangalizi wa walimu.

Ushahidi mzuri wa mpango huo ni jengo liitwalo Massachusetts Hall, lililokamilika mwaka 1720 na ambalo lingali limesimama. Lilijengwa liwe na vyumba 32 na vijichumba 64 vya kusomea, kwa ajili ya wanafunzi 64. Maana yake ni kwamba wanafunzi wawili walilala chumba kimoja, lakini kila mmoja alikuwa na kijichumba chake cha kujifungia na vitabu vyake. Mfasiri na aizingatie hesabu hiyo. Katika karne ya 18 kilichoshirikiwa kilikuwa usingizi, na kilichokuwa cha faragha kilikuwa usomaji. Katika makazi ya sebule ya leo mambo yamegeuka: mara nyingi mtu hulala peke yake au na mwenzake mmoja, na pale pa wote ni sebuleni, panapofanyika mazungumzo na mara nyingine masomo. Kwa hiyo vyumba vya wanafunzi vimekuwa vikipangwa kwa makundi tangu zamani. Kilichobadilika ni jambo lipi liwe la mtu mmoja na lipi liwe la kundi.

Hapa pana onyo la kwanza kwa mfasiri. Neno "hall" katika majina ya majengo ya vyuo vya Marekani aghalabu halina maana ya ukumbi wa mikutano. Anayeandika "Ukumbi wa Massachusetts" anamfanya msomaji adhani kuna jukwaa na viti. Jina la jengo na liachwe kama lilivyo, na likihitaji kufafanuliwa liitwe jengo.

Fahari ilipoingia

Mwishoni mwa karne ya 19 idadi ya wanafunzi wa Harvard iliongezeka kuliko nafasi za kulala. Chuo hakikujenga vya kutosha, na matajiri wa mji wakaiona biashara. Kando ya mtaa wa Mount Auburn yakasimama majengo ya watu binafsi, yenye bafu na joto la kutosha wakati wa baridi, huku wanafunzi wasio na uwezo wakibaki katika majengo ya zamani ya chuo ambayo hayakuwa na raha hizo. Watu waliupa mtaa huo jina la Pwani ya Dhahabu, jina ambalo msomaji wa Afrika asilichanganye na nchi iliyokuja kuwa Ghana mwaka 1957.

Katika moja ya majengo hayo, Westmorly Court, aliishi kati ya mwaka 1900 na 1904 kijana Franklin D. Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani. Yeye na mwenzake walikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule moja, na bafu lao. Hayo ndiyo makazi tunayoyatafutia jina, kama yalivyo hata leo. Ni kweli basi kwamba wakati huo yalikuwa ya kifahari, lakini fahari ile ilikuwa katika kodi, na mpango wa vyumba hauna hatia. Kifaransa, lugha iliyowapa Waingereza neno "suite," hakikukusudia fahari pia. Asili yake ni kitenzi chenye maana ya kufuata: kwanza wafuasi waliofuatana na mkubwa, kisha vyumba vinavyofuatana. Anayeandika "vyumba vya kifahari" amefasiri hoteli badala ya kufasiri neno.

"Nyumba" huku, "chuo" kule

A. Lawrence Lowell alipokuwa mkuu wa Harvard tangu mwaka 1909 hadi 1933, alichukizwa na mgawanyiko huo wa matajiri na maskini. Hatua yake ya kwanza ilikuwa kujenga majengo ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, yaliyofunguliwa mwaka 1914, ili waishi pamoja bila kujali mali ya wazazi. Hatua ya pili iliwezekana mwaka 1928, tajiri Edward Harkness alipojitolea kulipia makazi mapya ya wanafunzi wa miaka iliyofuata. Harkness mwenyewe alikuwa amesoma Yale, na Yale ndiko alikopeleka wazo lake kwanza. Walipokawia kumjibu akaenda Harvard, na Lowell hakusita. Fedha alizotoa huko zilizidi dola milioni 10. Nyumba mbili za kwanza, Dunster na Lowell, zilifunguliwa mwaka 1930, na nyingine tano zikafuata mwaka 1931. Hata Westmorly Court ikaunganishwa katika mojawapo, iitwayo Adams. Yale nao walirudi kwa Harkness, na mwaka 1933 wakafungua makazi saba ya namna hiyohiyo.

Mpango ulikuwa mmoja pande zote mbili. Mwanafunzi hukaa mwaka wa kwanza na wenzake wapya. Aingiapo mwaka wa pili huhamia katika jumuiya ndogo yenye chumba cha kulia, maktaba, mkuu na walimu wake, akakaa humo mpaka amalize. Majengo hayakuwa na ujia mrefu. Kila mlango wa nje ulikuwa na ngazi zake, na katika kila orofa ngazi hizo zilifikia seti chache tu za vyumba zenye sebule. Jambo la kustaajabisha ni majina. Harvard waliziita jumuiya hizo "nyumba," na Yale waliziita "vyuo," ingawa kitu ni kimoja.

Hili linawahusu hasa watumishi wa serikali wanaokagua vyeti. Hati ya mwanafunzi wa Yale inaweza kutaja Davenport College au Pierson College. Ofisa asiyejua historia hii ataandika katika jalada "Chuo cha Davenport," kisha atatafuta kama chuo hicho kinatambuliwa, asikione katika orodha, na mwombaji akosewe haki yake. Davenport haitoi shahada. Ni makazi ndani ya Chuo Kikuu cha Yale, na tafsiri ifaayo ni "makazi ya Davenport, Chuo Kikuu cha Yale."

Hata hivyo hatungekuwa waaminifu kwa historia kama tungeishia katika sifa. Lowell huyuhuyu aliyetaka matajiri na maskini walale chini ya paa moja, aliwazuia wanafunzi Weusi wasikae katika majengo ya mwaka wa kwanza, ambayo wenzao Weupe walilazimishwa kukaa. Mwaka 1922 Roscoe Conkling Bruce, Mmarekani Mweusi aliyehitimu Harvard mwaka 1902 na ambaye baba yake alikuwa seneta, aliomba nafasi kwa ajili ya mwanawe akakataliwa. Majibizano yao yalipotangazwa ghasia zikazuka, na mwaka 1923 baraza la wasimamizi wa chuo likaamua kwamba mtu asizuiwe kwa sababu ya rangi yake, ingawa liliongeza kwamba Weupe na Weusi wasishurutishwe kukaa pamoja. Tunalitaja jambo hili kwa sababu ya somo lake la istilahi. Neno "nyumba" ni neno tamu, nalo humfanya msikilizaji afikiri kwamba wote waliomo ni jamaa. Mfasiri anapolipokea neno tamu hana budi kuuliza ni nani aliyeachwa mlangoni.

Ujia mrefu

Sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia askari waliorudi vitani iliwafungulia vijana wengi milango ya vyuo, hata mwaka 1947 askari hao wakawa karibu nusu ya wote walioingia. Vyuo havikuwa na pa kuwalaza. Mwaka 1950 sheria ya nyumba ya serikali ya Marekani iliviwezesha vyuo kupata mikopo ya muda mrefu yenye riba nafuu kwa ajili ya kujenga makazi, na katika miaka iliyofuata majengo yakaota kila mahali. Mjenzi aliyetakiwa kuwaweka watu wengi kwa fedha kidogo alichagua mpango ulio rahisi: ujia mmoja katikati, vyumba vya watu wawili kila upande, na bafu moja kubwa mahali pamoja.

Majengo haya ndiyo yaliyo karibu zaidi na maana ya neno letu "bweni." Nalo bweni lina historia yake ya kuheshimika: kabla ya kuchukuliwa na shule lilikuwa mahali pa kulala vijana ambao hawajaoa au kuolewa. Visiwani hutumika pia neno "dakhalia," lenye asili ya Kiarabu na maana ya ndani, yaani makazi ya mwanafunzi anayeishi ndani ya shule badala ya kwenda na kurudi. Hata neno la Kiingereza "dormitory" latokana na Kilatini, na asili yake ni kulala. Bweni na "dormitory" basi yanalingana vizuri. Lakini wasimamizi wa makazi wa Marekani wenyewe walilichoka neno lao, wakaanza kutumia badala yake neno lenye maana ya jengo la ukaaji, wakisema kwamba mwanafunzi hali, hasomi wala hajifunzi utu kwa kulala. Tunapoletewa hati iliyoepuka neno la usingizi kwa makusudi, si haki kulirudisha kwa mlango wa nyuma.

Watu thelathini na wanne, au sita

Je, tofauti ya ujia na sebule ni ya majina tu? Jibu lilipatikana katika kitabu kilichotolewa mwaka 1977 na wanasaikolojia Andrew Baum na Stuart Valins. Hao walichunguza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilichoko Stony Brook, mahali palipokuwa na majengo ya aina zote mbili. Katika majengo ya ujia wanafunzi wapatao 34 walitumia bafu moja na sebule moja. Katika majengo ya aina ya pili waliotumia bafu na sebule moja walikuwa wanne hadi sita. Nafasi iliyomwangukia kila mwanafunzi, ukiipima kwa futi, ilikuwa karibu sawa.

Pamoja na usawa huo, waliokaa kwenye ujia walijiona wamebanwa zaidi. Walilalamika kwamba hukutana na watu wengi mno wasiowataka, na kwamba hawana uwezo wa kuchagua lini waonane na nani. Tena tabia hiyo waliibeba hata nje ya jengo. Walipowekwa katika chumba cha kusubiri pamoja na mtu wasiyemjua, walikaa mbali naye na walimtazama mara chache kuliko wenzao wa sebule ndogo. Kwa hiyo msongamano haukuwa katika futi za sakafu. Ulikuwa katika idadi ya watu ambao mtu hana budi kushirikiana nao.

Msomaji wa pwani hatashangazwa na matokeo hayo. Katika nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam yenye vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, wapangaji hushirikiana ua, choo na mahali pa kupikia. Kila mmoja anamjua mwenziwe kwa jina, na uchafu ukionekana anajulikana wa zamu. Nyumba ile ingekuwa na vyumba thelathini, majina yangepotea na zamu pia.

Ndipo tunapofahamu kwa nini makazi ya sebule yakawa hasa ya mwaka wa pili. Vyuo vingi huona kwamba mgeni wa mwaka wa kwanza anahitaji kukutana na watu wengi, na ujia humkutanisha nao hata asipotaka. Mwaka wa pili ameshapata marafiki, naye anatakiwa achague somo lake kuu. Wamarekani husema kwamba ndio mwaka ambao ari ya wengi hufifia. Kundi dogo linatarajiwa limshike mkono. Mpango huu nao una upungufu wake, kwa kuwa marafiki wanapoambiwa wajikusanye, huwapo asiyekusanywa na mtu. Na makundi yenyewe hujitenga: Harvard waliona nyumba zao zikigawanyika kwa tabia na asili za wakazi, wakaondoa uchaguzi wa nyumba, na tangu mwaka 1996 wanaoingia mwaka wa pili hupangiwa nyumba kwa kura pamoja na marafiki zao.

Majina ya watu

Neno la Kiingereza la kumtaja mwanafunzi wa mwaka wa pili, "sophomore," lilitoka Cambridge katika karne ya 17, nalo lilihusiana na mazoezi ya kujadiliana kwa hoja. Baadaye watu walilipasua katika maneno mawili ya Kiyunani, wakalipa maana ya mwenye hekima aliye mjinga. Huo ni utani wa wasomi, na mfasiri asiubebe. "Mwanafunzi wa mwaka wa pili" yatosha.

Ugumu zaidi ulikuwa katika cheo cha mkuu wa makazi. Harvard na Yale walimwita "master," kwa kufuata Uingereza. Lakini Marekani neno hilo ndilo walilomwita mwenye watumwa, na wanafunzi wengi wakaona haya kulitamka. Mwaka 1996 halikuwa mjadala mkubwa. Mwaka 2016 vyuo vyote viwili viliacha kulitumia. Mwaka uliofuata Yale walibadili pia jina la makazi ya Calhoun, mwanasiasa aliyeutetea utumwa, wakayapa jina la Grace Hopper, mtaalamu wa kompyuta. Aliyefasiri zamani kwa "bwana" atajuta. Aliyeandika "mkuu wa makazi" hana la kufuta.

Pendekezo

Tukitazama njia tuliyopita, tunaona kwamba maneno yanayotokana na usingizi yamepitwa, ya fahari yanapotosha, na ya ujamaa yanaahidi kupita kiasi. "Seti ya vyumba" ni istilahi inayoeleweka, na Waingereza wanayo mfano wake, lakini haisemi kilicho katikati ya seti. "Kiambo" ni neno zuri, ila wengi hulijua kwa maana ya makazi ya familia nyingi, na halitakubali kuingizwa ndani ya orofa ya tatu. Kinachoyatofautisha makazi haya na mengine ni sebule: pale wanapokutana wachache wanaojuana na kupokea wageni wao. Kwa hiyo tunapendekeza "makazi ya sebule moja," na kwa kifupi "makazi ya sebule." Majengo ya aina ya pili yaitwe "mabweni ya ujia," na neno "bweni" libaki na heshima yake mahali panapolalwa na wengi. Jina la jumla liwe "makazi ya wanafunzi."

Istilahi na ijaribiwe katika sentensi kabla ya kupitishwa. "Binti yako amehama kutoka bweni la ujia, amepangiwa makazi ya sebule pamoja na wenzake watano." Mzazi wa Tabora akisoma hivyo ataelewa kwamba mwanawe hakupewa anasa; amepewa watu watano wa kugawana nao zamu za usafi. Na swali atakalomwandikia halitakuwa tena juu ya gharama. Litakuwa lile ambalo mzazi yeyote angeuliza: wenzako ni akina nani, na mnapatanaje?